Jasho la Mwenye Shati

Anayetaka kujua siri za jeshi asihangaike na ramani wala majenerali, amuulize dobi. Dobi wa mtaa wa nyuma ya stesheni alizijua zote kabla wavamizi hawajamaliza mwezi wa kwanza mjini. Alijua nani anakojoa kitandani, na hawakuwa wawili wala watatu. Alijua nani ana majipu makalioni, nani hupangusia pua kwenye mkono wa shati, nani hula akiwa amelala. Wanaume hao waliingia na vifaru, wakauvunja kwa mateke mlango wa posta ambao haukuwa hata umefungwa, na sasa nguo zao za ndani zililetwa kwake kila Ijumaa kwa mkokoteni, zimefungwa kwenye mashuka. Akifungua fundo la kwanza, kinyaa kilimpanda kutoka tumboni hadi kooni, kikakaa hapo wiki nzima. Hata chai ilipita kwa shida.

Kazi ile hakuiomba. Siku ya nne baada ya mji kutekwa, sajini mmoja aliingia akikanyaga nguo safi kwa buti, akayatazama makarai, pasi za makaa na kamba za kuanikia uani, akasema kuanzia leo wateja wengine basi. Sabuni wataleta wao. Mazungumzo yaliishia hapo.

Sajini huyo huyo ndiye aliyeziona sare. Zilikuwa nane, zimetundikwa nyuma ya meza ya kupigia pasi, sare za jeshi lililoshindwa, zimenyooshwa mpaka mstari wa pasi wa suruali ungeweza kukata kidole. Wenyewe walikuwa wamekimbia au wamekufa. Tangu mizinga iliposikika kwa mbali, dobi alikuwa amemsihi mumewe azichome, na mume akakataa katakata. Nguo ya mtu ni amana, alisema, mwenyewe atakuja. Ndivyo alivyokuwa mwanamume yule: hata kabla ya kushika nguo chafu alinawa mikono, eti asizichafue zaidi. Sajini alipotaka majina ya wenye sare, mume alimjibu kwamba dobi hatoi majina ya wateja. Wakamchukua akiwa bado ameshika pasi. Ukaidi wa kipumbavu, mkewe alisema moyoni, akampenda kwa hilo na kumkasirikia kwa hilo hilo.

Mume alipelekwa kwenye ghala la nafaka karibu na reli, pamoja na wengine zaidi ya mia. Wanawake waliokwenda getini kuuliza walirudi na alama za mikanda. Dobi alikwenda mara mbili, na mara ya pili alirudi akichechemea. Kuanzia hapo alibaki na haja moja tu duniani: ajue kama mumewe yu hai, na amsaidie abaki hai mpaka atakapofunguliwa. Kwa ajili hiyo angefua hata nguo za ibilisi. Kwa maoni yake, ndizo alizokuwa akizifua.

Askari wa kusukuma mkokoteni alikuwa mnene mmoja wa miaka thelathini hivi, mvivu, mashavu yamejaa kama mtu aliyebania maji mdomoni. Mtaa ulimpa jina la Mashavu siku ya kwanza alipoonekana. Miguu yake ilikuwa na fangasi. Soksi zake dobi alizijua bila kuziangalia. Jasho lake nalo lilikuwa la peke yake, zito, chachu, la maziwa yaliyolala, na sabuni ya jeshi ililibembeleza tu, haikulitoa. Maana kila mtu ana jasho lake. Mwalimu hujua mwandiko wa kila mwanafunzi, na dobi aliyekaa kwenye kazi hujua shati la nani limevaliwa na nani, hata likibadilisha mgongo.

Mashavu alitakiwa kushusha mzigo na kwenda zake. Badala yake aliketi. Kambini kulikuwa na sajini na makelele yake. Hapa kulikuwa na kivuli, benchi, na Chiriku.

Chiriku ndiye binti wa dobi, miaka tisa, na jina alilipata kwa sababu hakunyamaza hata akiwa na chakula mdomoni. Shule ilikuwa imegeuzwa hospitali ya askari, kwa hiyo mtoto alishinda nyumbani, kazi yake kutafuta jozi za soksi. Soksi za askari arobaini, zote rangi moja, kila moja imetoboka mahali pake. Mashavu alimtazama kwa muda, kisha akashuka sakafuni na bunduki yake akaiegemeza ukutani, karibu na fagio.

"Hii na hii," alisema, akiinua mbili, "ni ndugu."

"Hizo hata si majirani!" Chiriku akacheka. "Mjomba, wewe huna macho?"

Basi, wakawa marafiki. Hakuna mtu mzima aliyewahi kukaa chini na Chiriku akamsikiliza mpaka mwisho wa hadithi, achilia mbali kuuliza "halafu?" Mashavu alisikiliza. Lugha ya mji aliizungumza kwa kuchechemea, na Chiriku akajipa kazi ya kumrekebisha. Alimfundisha mpaka vitendawili.

"Kitendawili!"

"Tega," akajibu Mashavu, kama alivyofundishwa.

"Nyumba yangu haina mlango."

Mashavu alikuna kichwa. "Gereza?"

"Gereza lina mlango, mjomba. Mtu anaingiaje?"

"Basi sijui."

"Ukishindwa unanipa mji."

"Mji gani?"

"Wowote."

Mashavu akatazama nje. Askari wenzake wawili walikuwa wakipita na cherehani ya watu, wameibeba kama maiti. "Chukua huu," akasema.

"Nimeuchukua! Jibu ni yai."

Dobi, kwenye mvuke wa karai la tatu, aliyasikia yote akatamani kutema mate. Mwizi anagawa mji usio wake kwa mtoto wa wenye mji, na mtoto anapiga makofi! Mashavu alipoondoka, alimshika binti yake bega.

"Mjomba wako ni nani?"

"Mashavu."

"Mjomba ni kaka yangu mimi. Kwani mimi nimezaliwa tumbo moja na bunduki?"

"Sasa nimwiteje, mama? Baba mdogo?"

Dobi akaligeukia shuka na kulikamua kama shingo ya kuku.

Jirani yake wa ng'ambo ya barabara, mshonaji mmoja mwenye ulimi mkali aitwaye Bi Sindano, ndiye aliyekuwa mwenye cherehani ile. Alikuja mchana akaketi kwenye benchi la Mashavu baada ya kulipangusa kwanza.

"Shoga," alisema, "mkono usioweza kuukata, ubusu."

"Niubusu mkono ule? Unajua unakojikunia?"

"Si wewe. Mtoto anaubusu bure kila wiki. Mwambie angalau aulize jambo la maana."

Dobi alikasirika, akamwambia maneno mabaya, na Ijumaa iliyofuata akafanya vile vile alivyoambiwa. Alimsuka mtoto nywele vizuri huku akimpangia maneno, kama anayemtuma dukani. Muulize kama huwa anashika zamu ghalani. Muulize huku unacheka. Usimkazie macho. Alijisikia mchafu kuliko chochote kilichokuwa ndani ya yale mashuka, lakini alimfunga mtoto utepe wa mwisho na kumsukuma mgongoni.

Mashavu alipoulizwa habari za ghala, na za baba aliyefungwa mle, alikuwa na soksi mkononi.

"Baba yako yupi?"

"Mwembamba. Ana kovu la pasi hapa."

"Yule," Mashavu akasema. Akaigeuza soksi, nje ikawa ndani. "Ndiyo, yupo. Ukitaka kumpelekea kitu, mimi nitampelekea. Lakini siri."

Dobi alikaa chini pale pale alipokuwa amesimama, kwenye maji.

Tangu siku hiyo kila Ijumaa mkokoteni uliondoka na kifurushi chini ya mashuka: mkate, mayai manne ya kuchemsha, kipande cha sabuni, na mara nyingine shati safi au fulana. Kuku walikuwa wawili, kwa hiyo yai halikuliwa tena nyumba ile. Chiriku alianza kuonekana mbavu, na hakulalamika. Alikuwa anamlisha baba. Jumanne, Mashavu akija kuchukua nguo zilizofuliwa, alileta majibu. Nguo chafu hazikurudi, maana wafungwa, alisema, hujifulia wenyewe. Kilichorudi ni maneno.

Baba anasema mayai yamefika mazima. Baba anasema Chiriku asiache kusoma, achukue hata gazeti la kufungia sabuni. Baba amecheka sana kwa habari ya paka na pasi. Na Jumanne moja Mashavu alijikohoza, akatazama pembeni, akasema: "Amesema, mwambie mke wangu asiinue karai peke yake. Mgongo wake naujua."

Katika ndoa ya miaka kumi na moja, mumewe alikuwa amemwambia "umependeza" mara mbili, na moja kati ya hizo alikuwa anaisifu nguo. Jela imemlainisha, dobi aliwaza, na akaona haya, mtu mzima, akiwa peke yake. Aliyachukua maneno yale akalala nayo. Maneno mengine yalikuja baada ya hayo, kuhusu mikono yake inayochubuka, kuhusu jinsi anavyoimba akifikiri hakuna anayemsikia. Alianza kujipaka mafuta. Alianza hata kumpa Mashavu chai, kwenye kikombe kilichopasuka mdomo ambacho mwingine yeyote hakukigusa, lakini chai ni chai. Miezi minne ikapita hivyo, na Bi Sindano akasema, "Si nilikwambia?"

Ijumaa moja mkokoteni ulisukumwa na kijana mwingine, mwembamba, mwenye haraka. Mashavu yuko zamu ya mnara, alisema, kwa hiyo yeye amekusanya kila kilichokuwa chini ya vitanda. Alimwaga mzigo uani na kuondoka.

Dobi alifungua shuka la tatu akaliona shati la mumewe, mojawapo ya yale aliyompelekea.

Hakukuwa na shaka kwamba ni lenyewe. Mistari ya bluu, na nyuma ya kola kiraka alichokishona kwa kitambaa cha gauni la zamani la Chiriku. Alipiga kelele. "Shati la baba! Njoo uone, shati la baba limekuja kufuliwa!" Chiriku alikuja mbio, wakashikana, wakazunguka, wakakanyaga soksi za jeshi zima. Wameanza kufuliwa nguo! Basi wanatunzwa. Anayefuliwa nguo hauawi, na huenda yu karibu kufunguliwa. Nani anamfulia mtu asiye na safari? Mtoto alikuwa anaruka. Dobi akalichukua shati, akafanya kile ambacho mke yeyote angefanya baada ya miezi minne na nusu. Aliuzika uso wake ndani yake, akavuta pumzi kwa nguvu zake zote.

Maziwa yaliyolala.

Alivuta tena, kwa kutoamini. Kisha akaliweka mezani na kulitazama kama fundi. Kola ilikuwa imetanuliwa na shingo nene. Kifungo cha tumboni kilikuwa kimeng'oka kwa kuvutwa. Kwapani kulikuwa na duara la manjano aliloanza kulijua tangu mwezi wa kwanza wa uvamizi. Kifuani, limekauka na kushikana na uzi, kulikuwa na tone la kiini cha yai.

"Nenda kwa Bi Sindano," alimwambia mtoto.

"Kwa nini?"

"Nenda nimekwambia!"

Akabaki peke yake, akachimbua mzigo ule kwa mikono miwili. Alipata shati la pili. Alipata fulana zote tatu alizokuwa amepeleka. Zilikuwa zimelala pamoja na suruali za ndani za Mashavu, zimechangamana jasho. Dobi aliyekuwa amezoea kila uchafu wa kila mwanaume wa kambi ile alikimbilia mtaroni, akatapika chai, akatapika mpaka kikawa kinatoka kitu chungu tu.

Mchana Mashavu alifika mwenyewe, anahema, kofia mkononi. Alikuwa ameshuka mnarani akakuta chini ya kitanda chake pako wazi.

"Mama Chiriku," alisema, "kuna nguo zimekuja kwa makosa."

"Makosa ya nani?"

Mashavu aliyaona mashati mezani, yamepangwa kwa mstari.

"Lini?" akauliza dobi.

"Zamani. Kabla mtoto hajaniuliza. Siku yake ya tisa mle ndani."

"Mlimpiga risasi?"

"Hapana! Hapana, mama, hakuna aliyemgusa. Tumbo. Wengi walikwenda kwa tumbo. Maji yalikuwa hamna, na mlango haukufunguliwa ila asubuhi, sasa walikuwa wanafanya pale pale wanapolala." Alisema kwa haraka, kama mtu anayejitetea kwa jambo zuri.

Dobi aliliona ghala lile. Alimwona mtu aliyenawa mikono kabla ya kushika nguo chafu, amelala katika kinyesi chake na cha wenzake, siku tisa, na shati lile lile alilotoka nalo.

"Nani alimwosha?"

"Mama, walikuwa kumi na wawili asubuhi ile. Sajini alikuwa anapiga kelele."

"Nani alimwosha mume wangu?"

"Hakuna."

Maji yalikuwa yanachemka kwenye pipa. Mashavu alianza kulia, na machozi yale yalimchukiza dobi kuliko soksi zake. Alisema alikusudia kumdanganya mtoto wiki moja tu. Alisema mtoto alifurahi sana. Yeye maishani mwake hakuna mtu aliyewahi kumngoja mlangoni, hata mama yake, na kila Ijumaa Chiriku alikuwa anamngoja mlangoni. Angefanyaje? Amwambie, halafu asije tena?

"Na mayai?"

"Nilikula," alisema Mashavu. "Yangeoza, mama."

"Mwanangu ameota mbavu."

"Sikujua hayo. Angeniambia."

"Na yale maneno." Dobi ilimbidi ayasukume yatoke. "Ya mgongo wangu. Ya kuimba."

Mashavu alikunjakunja kofia. "Nilikuona unainua karai," alisema taratibu. "Nilikuwa nakusikia unavyoimba."

Laiti angesema aliyatunga tu, au aliyaokota kwa mtu! Lakini yalikuwa ya kweli, yalitoka moyoni, na moyo wenyewe ulikuwa ndani ya kifua kile, chini ya jasho lile. Dobi aliyakumbuka yote, moja moja, na jinsi alivyoyapeleka kitandani akatabasamu gizani. Alijipangusa mdomo kwa nyuma ya mkono, akajipangusa tena.

"Mama."

Chiriku alikuwa amesimama mlangoni. Alimwona Mashavu akipita mbio na akamfuata, kama alivyomfuata kila wiki. Tangu lini alikuwa pale hakuna aliyejua, lakini kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa kimya. Alimtazama mama, akayatazama mashati mezani, kisha akamgeukia yule aliyezoea kumletea habari.

"Mjomba. Baba yupo?"

"Hayupo, Chiriku."

Mtoto alimrukia. Alimpiga kwa ngumi zote mbili, tumboni, mbavuni, popote alipofika, akimwita mwongo, akimwita mwizi, mlafi, nguruwe, na majina mengine ambayo dobi hakujua kwamba mwanawe anayajua. Mashavu alisimama akapigwa kama godoro. Hakujikinga. Dobi akajikuta ameshika mti wa kugeuzia nguo, mzito, unatoka mvuke, na akaona wazi kabisa jinsi utakavyotua kwenye lile shavu, na jinsi sajini atakavyokuja baadaye, na mtoto atakavyobaki na nani. Akaushusha. Akaenda amvute binti yake, amtoe pale, amwoshe.

Alipiga hatua mbili akasimama. Ngumi zilikuwa zimekwisha. Vidole vya Chiriku vilikuwa vimekamata kitambaa cha sare, vimekikunja, na uso wake ulikuwa umezama katikati ya vifungo, na sauti iliyotoka mle haikuwa tena matusi. Alimlilia baba yake kwenye tumbo la mtu aliyekula mayai ya baba yake. Angemlilia wapi pengine? Kwa miezi minne huyo ndiye aliyekuwa baba wa kutuma salamu, baba anayecheka habari za paka, na aliyemtuma mtoto kwake, nywele zimesukwa na utepe umefungwa, ni mama yake mwenyewe. Mashavu aliinua mkono, akamtazama dobi kwa hofu, akauweka kichwani mwa mtoto. Dobi aliuacha mkono ule pale. Machozi na kamasi za mwanawe vilikuwa vinapenya kwenye sare, doa linakua, na sare ile ingeletwa Ijumaa na mkokoteni, na yeye angeifua.